Shule ni jamii: Jinsi makundi yake yanavyoshirikiana na kuheshimiana

SHULE ni jamii kamili iliyofumbatwa ndani ya ua mmoja. Humo mna walimu, wanafunzi, viranja, makarani, wapishi na mabawabu. Nje ya lango, lakini wakiwa na usemi mkubwa, kuna wazazi, wadhamini na halmashauri ya usimamizi. Makundi haya yasiposikilizana, si matokeo ya mitihani pekee yanayoathirika. Hata maisha hupotea.

Historia ya Kenya inathibitisha hayo. Mnamo Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walifariki baada ya wanafunzi wenzao kuwafungia walimolala na kuwateketeza. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliangamia katika mkasa wa moto bwenini, Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mwaka uo huo serikali iliunda jopokazi kuchunguza kiini cha vurugu shuleni.

Uhusiano wa kwanza ni wa mwalimu na mwanafunzi. Kwa miaka mingi uhusiano huo ulitegemea kiboko. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 ikamkinga kila mtoto dhidi ya adhabu za kikatili. Tangu hapo, mwalimu hulazimika kujenga nidhamu kwa ushauri na mfano mwema. Mwanafunzi naye hana budi kutambua kwamba kuondolewa kwa kiboko hakukuondoa wajibu wake wa kutii.

Pili ni viranja na wanafunzi wenzao. Kiranja aliyeteuliwa na walimu bila kuulizwa wanafunzi huonekana kama jasusi, hasa akipewa malazi bora na uwezo wa kuadhibu. Ili kuziba ufa huo, Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari liliasisiwa mwaka wa 2009, na uchaguzi wa viongozi kwa kura ukahimizwa. Kiongozi aliyechaguliwa hupeleka malalamishi ya wenzake kwa walimu, kisha huwarudishia majibu.

Tatu ni wanafunzi wa makabila, dini na matabaka mbalimbali. Mfano mwafaka ni kituo cha Starehe, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu ili kuwasaidia watoto wasio na makao. Baadaye kilipokea pia wavulana kutoka familia zenye uwezo wa kulipa karo. Mwana wa maskini na mwana wa tajiri walivaa sare moja, wakala chakula kimoja na kugawana kazi za usafi. Aidha, palikuwa na baraza ambapo mwanafunzi aliruhusiwa kutaja wazi lisilompendeza, mradi atumie lugha ya adabu. Griffin alikiongoza kituo hicho hadi alipoaga dunia mwaka wa 2005.

Nne ni wafanyakazi wasio walimu, kundi linalosahaulika mno. Mpishi huamka kabla ya jogoo kuwika ili wanafunzi wapate uji, naye bawabu hukesha wao wakilala. Mwanafunzi anayemwamkua mwalimu mkuu kwa unyenyekevu kisha akampita mpishi kana kwamba ni kisiki, hajafunzwa heshima bali woga.

Hatimaye kuna wazazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 huwapa wazazi nafasi sita katika halmashauri ya usimamizi, na wadhamini nafasi tatu. Walimu wana mwakilishi wao, na baraza la wanafunzi pia lina wake. Hivyo basi, anayelipa karo, anayefundisha na anayefundishwa huketi meza moja. Hata hivyo, kiti hicho hakina faida iwapo mwanafunzi ataogopa kufungua kinywa mbele ya wakubwa, au mzazi atafika shuleni siku ya vurugu pekee.

Heshima si utumwa, walinena wahenga. Mwanafunzi anayemheshimu mwalimu hajidunishi, wala mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi hapotezi mamlaka yake. Malalamishi yanayosikizwa barazani mchana hayageuki moto bwenini usiku.