Manukato na Hukumu ya Haraka

Ndugu msomaji, umeingia nyumba ya watu siku ya Ijumaa baada ya sala. Umekaribishwa, kahawa imepita, na mwenyeji ametoa kichupa kidogo cha mafuta mazuri. Amechomoa kijiti, amekupitishia mgongoni mwa mkono. Wewe unafanya nini? Bila shaka unapeleka mkono puani papo hapo, kisha unahukumu. Unasema, "Mashaallah, mazuri," au unanyamaza, na kunyamaza kwako nako ni hukumu. Mwenyeji amekwisha jibiwa, na yale mafuta hata hayajaanza kusema.

Nami nilikuwa miongoni mwa hao wenye haraka. Ujanani mwangu mzee mmoja wa mtaani kwetu alirudi Hija, na katika tunu alizoleta palikuwa na kichupa cha mafuta ya udi yaliyochanganywa na waridi. Akanipaka tone moja, akaniambia, "Yakikupendeza, kichupa ni chako." Nikanusa. Harufu iliyonijia ilikuwa kama ya zizi na ngozi mbichi, na waridi likipenya kwa mbali. Nikakunja uso mbele yake. Mzee hakukasirika. Alifunga kizibo, akasema, "Ngoja Magharibi, mwanangu."

Magharibi ilipofika nilikuwa nimetawadha mara mbili, na harufu ilikuwa ingali mkononi. Lakini ilikuwa nyingine kabisa: tamu, nzito, tulivu, waridi na udi vimekuwa kitu kimoja. Nikaenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, ila kichupa alikwisha mpa mtu mwingine, tena mtu aliyejua kungoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama jambo hili katika historia, na nimeona kwamba neno la mzee yule halikuwa lake peke yake. Ni elimu ya karne nyingi, na sisi watu wa pwani tumo ndani yake.

Mwanahistoria al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanj mwaka 916 hivi, aliandika kuwa ambari iliyo bora kabisa ni ile ipatikanayo katika visiwa na pwani za bahari hiyo. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, na bahari ndiyo inayoitupa ufukweni. Basi wakati Baghdad ilipokuwa ikijifukiza, sehemu ya fukizo lile ilitoka kwetu. Na biashara haikuwa ya upande mmoja. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa sinia ya tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamwagiwa marashi ya waridi yaliyotoka Damascus. Tazama masafa hayo, ndugu msomaji! Maji ya ua la Shamu yamevuka nchi kavu na bahari ili mgeni apate heshima yake katika mji wa pwani ya Afrika. Mrashi ulio juu ya kabati nyumbani kwako ni jamaa wa chombo kile.

Marashi hayo hupatikana kwa kukeneka, yaani kuchemsha maua, kuukamata mvuke wake na kuupoza uwe maji. Elimu hii Waislamu waliikuza sana. Kuna kitabu cha manukato na ukenekaji kinachonasibishwa kwa mwanafalsafa al-Kindi, aliyefariki mwaka 873 hivi, chenye namna zaidi ya 100 za kutengeneza mafuta, marhamu na maji ya kunukia. Baadaye, huko India, mfalme Jahangir, aliyetawala kuanzia mwaka 1605 hadi 1627, aliandika katika kumbukumbu zake kuwa mama wa mkewe Nur Jahan ndiye aliyegundua mafuta ya waridi. Alipokuwa akitengeneza marashi, aliona utando mwembamba juu ya maji ya moto, akaukusanya kidogo kidogo. Mfalme alisema tone moja kiganjani latosha kunukisha baraza nzima.

Hata leo katika mji wa Kannauj, India, kazi hiyo hufanywa kwa vyombo vya kale. Maua hutiwa ndani ya sufuria kubwa la shaba, kifuniko kikazibwa kwa udongo, moto ukawashwa chini. Mvuke hupita katika bomba la mwanzi mpaka kwenye chombo kingine kilichowekwa majini kipoe, na ndani ya chombo hicho mna mafuta ya sandali yakingoja. Harufu ya ua huingia ndani ya sandali ikakaa humo. Maua yao ni yale tuyajuayo sisi katika kikuba: waridi, asumini, na hata ua la jamii ya mkadi.

Hapa ndipo penye siri ya kubadilika kwa mafuta mwilini. Ua ni jepesi. Likipata joto la ngozi huruka upesi, nalo ndilo linalokupokea mwanzo. Sandali, udi, ambari na utomvu wa miti ni vizito. Huamka polepole na kubaki nyuma. Aliyeyachanganya pamoja aliupa uzito wa utomvu kazi ya kulishika ua lisikimbie. Kwa hiyo mafuta hayana harufu moja, yana safari. Anayehukumu kwa pumzi ya kwanza ni kama mtu aliyesikia bismillahi ya msemaji, kisha akatoka nje kwenda kuwasimulia watu hotuba nzima.

Na udi wenyewe una mafunzo. Mti wake humea Assam, Kambodia na nchi nyingine za mashariki. Mti uliokuwa mzima mbao zake ni nyeupe, nyepesi, na karibu hazinuki chochote. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo unapotoa utomvu mweusi wa kujihami, na utomvu huo ndio tunaoununua kwa bei ya dhahabu. Uchache huo umeleta msiba, maana watu wameikata miti kwa pupa wakitafuta iliyo na utomvu. Mwaka 1995 aina moja kuu ya miti hiyo iliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2004 ikakubaliwa kuingiza jamii yake yote. Siku hizi mingi hupandwa mashambani na kujeruhiwa makusudi ili itoe utomvu.

Penye thamani hapakosi hila. Kile kile kitabu kinachonasibishwa kwa al-Kindi kina namna za kutengeneza vitu vya bandia vinavyofanana na miski, ambari na zafarani. Hila ni kongwe, basi, kama elimu yenyewe. Ndiyo maana miji ya Kiislamu iliweka muhtasib, msimamizi wa soko, akague mizani na bidhaa. Al-Shayzari, aliyeishi katika karne ya 12, aliandika kitabu cha kumwongoza msimamizi huyo, na ndani yake akawatengea wauza manukato sura yao, akaeleza jinsi vitu vinavyoghushiwa na jinsi ya kuvipima.

Katika karne ya 19 palikuwa na biashara ya mafuta ya jani moja la India, jamaa ya mchaichai, yaliyopelekwa Uturuki ili yatiwe ndani ya mafuta ya waridi. Harufu ya mwanzo inakaribiana mno. Hata alama za zamani hazikusalimika. Mafuta ya waridi halisi huganda yakipata ubaridi wa nyuzi 20 hivi au chini yake, nayo ilikuwa ndiyo shahada yake. Wenye hila wakajua kutia kitu cha jamii ya nta ili ya bandia nayo yagande. Wala si ajabu, kwani kilo moja ya mafuta hayo hutaka kilo 3,000 na zaidi za maua. Mwenye kukuuzia tola nzima kwa bei ya soda, jiulize amelipata wapi shamba hilo.

Sasa kumbuka kisa mashuhuri cha Bwana Mtume (S.A.W.) sokoni Madina. Alipita penye rundo la nafaka, juu kavu na safi. Hakuridhika na kutazama. Aliingiza mkono ndani, vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali akajitetea kuwa mvua ndiyo iliyoilowesha. Akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile mbichi juu watu waione, kisha akatoa onyo kali kuwa mwenye kughushi si katika wenzake.

Ndugu msomaji, kungoja mafuta mpaka Magharibi ndiko kuingiza mkono ndani ya rundo. Mwenye kughushi hutumia fedha yake kwenye harufu ya juu, kwa kuwa anaijua haraka yako. Hutia mwanzo mtamu, na chini huweka mafuta matupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini tusimdhulumu mtu. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vimejua kutengeneza harufu ambazo hazikutoka shambani, na nyingi zapendeza. Kuuza mafuta ya kiwandani si ghushi. Ghushi ni kuyaita udi wa Kambodia. Muuzaji anayesema, "Haya ni ya kutengenezwa, na bei yake ni hii," huyo ameweka nafaka mbichi juu ya rundo. Mshike, maana ndiye muuzaji wako.

Ukitaka kupima mafuta, basi, fanya hivi. Nenda na ngozi safi, usiyoipaka kitu wala sabuni yenye harufu kali. Gusa kwa kijiti tu ndani ya kigasha, usimwage. Usisugue mkono kwa mkono; yaache yakae. Usipime zaidi ya aina mbili kwa siku, moja kila mkono, kwa sababu pua huchoka ikawa haibagui. Nusa mara ya kwanza, ukumbuke. Toka dukani, nenda zako kashughulike. Nusa tena baada ya saa moja, na tena jioni. Kama jioni pamebaki harufu ya mafuta ya taa au hapakubaki kitu, umesalimisha fedha yako. Kama pamebaki utulivu mzuri, rudi kanunue. Ikiwa ngozi yako huwasha upesi, ngoja siku nzima uone isije ikatoka vipele.

Tena mafuta hupimwa juu ya mwili wa atakayeyavaa. Ngozi za watu hazilingani kwa joto wala kwa mafuta yake ya asili, na kichupa kimoja huweza kunuka tofauti kwa ndugu wawili wa tumbo moja. Wanaomnunulia bibi arusi kwa pua ya shangazi wajue hilo. Mwacheni mwenyewe apakwe, kisha muulizeni jioni.

Na ukisha yapata, vaa kwa kiasi. Nyuma ya masikio, kifuani, na mwanamume ndevuni, tone moja lagawika pote. Usiyapake kanzu nyeupe, yataacha doa. Pua yako huzizoea harufu zako mwenyewe. Baada ya muda huzisikii, ukadhani zimekwisha, ukaongeza, kumbe waliokuzunguka wanahema kwa taabu. Tumeamrishwa kujinukisha siku ya Ijumaa, na tumekatazwa kwenda msikitini na harufu ya kitunguu inayowaudhi wenzetu. Tukiyaweka mawili hayo pamoja, tunapata kipimo: pambo lako lisiwe udhia kwa jirani yako katika safu, huenda ana pumu. Na kila harufu ina mahali pake. Aliyehirimia ataacha manukato, aliye edani naye ataacha, na mwanamke hatajinukisha kwa ajili ya macho ya njiani. Ndani ya nyumba zetu mlango u wazi, Bibi Aisha mwenyewe amesimulia kuwa alikuwa akimpaka Bwana Mtume (S.A.W.) manukato kwa mkono wake.

Jambo moja la mwisho. Imepokewa kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) hakuwa akirudisha manukato aliyopewa. Zamani nilidhani ni adabu ya kupokea zawadi tu. Sasa naona kuwa ina faida nyingine: asiyerudisha hujipa muda wa kujua alichopewa. Mimi nilirudisha kwa uso wangu kabla jua halijashuka, nikakosa mafuta, na zaidi ya mafuta nikamvunja moyo mzee aliyeyabeba kutoka mbali akinikumbuka.

Basi Ijumaa ijayo, utakapopitishiwa kijiti mgongoni mwa mkono, mwombee dua mwenyeji wako, ushukuru, na hukumu yako uiweke akiba mpaka Magharibi. Na utakapokuwa wewe ndiye muuzaji, uza kitu ambacho mnunuzi akikinusa jioni atakuombea dua kama aliyokuombea asubuhi.

Wabillahi tawfiq.