Msingi Mrefu wa Nyanda za Juu

Mtu akijenga Mbeya, jirani hutazama kwanza msingi. Ukuta bado, bati bado, lakini mpita njia ataguna: "Huyu kajipanga." Msingi ukifika kiunoni, mwenye nyumba ameshaheshimika kabla hajahamia. Mimi ni mwashi, nimezaliwa upande wa Iringa na kuzeekea Mbeya, na sehemu kubwa ya riziki yangu imetoka kwenye fahari hiyo. Siku hizi kazi ninazoitiwa ni za kuishusha: natengeneza miserereko ya saruji, napanua milango, nafunga mabomba ya kushikia chooni. Wanaoniita ni watu niliowajua wakiwa na nguvu zao, au watoto wao. Ndiyo maana nimekuwa nikiwauliza wazee, na kujiuliza mwenyewe, nyumba zetu zilianza lini kupandwa kwa ngazi. Za zamani zilikuwa za kuingia tu.

Kwa Wahehe nyumba ilikuwa tembe: ndefu, ya pembe nne, kuta za miti na udongo, paa bapa lililojazwa udongo juu ya boriti, vyumba vimepangana kuuzunguka ua. Kasoro zake nazijua, maana nimelala ndani yake utotoni. Giza, moshi, na mlango mfupi uliomlazimu mtu mzima kuinama. Lakini sakafu ilikuwa ardhi ile ile ya uani, imesiribwa tu. Bibi yangu mzaa baba nyonga zilimharibikia kabla sijazaliwa. Asubuhi alitoka kitandani akipapasa ukuta, akapita mekoni, akatokea uani kuota jua, na njia nzima hapakuwa na mahali pa kuinua mguu. Nguzo za tembe zilikuwa za karibu karibu, na ile iliyokuwa njiani mwake iling'aa kwa mafuta ya kiganja chake. Kuku, mbuzi, mahindi, moto na wajukuu, vyote vilikuwa ndani ya ua huo huo. Na choo? Wenye miguu walikwenda shambani nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa na chungu chenye majivu, na sisi watoto ndio tulikwenda kukimwaga, kwa zamu na kwa manung'uniko.

Upande wa Rungwe mambo yalikuwa mengine. Mskoti Joseph Thomson alipita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879 akastaajabia nyumba zao safi katikati ya migomba. Miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson waliishi huko wakichunguza jambo ambalo halipatikani kwa urahisi kwingine: vijiji vya rika. Kijana wa miaka kumi na kitu aliacha kulala kwa wazazi, akaenda na wenzake kujenga vibanda vyao, na wakakaa pamoja mpaka uzeeni. Maana yake mzee alizungukwa na wazee wenzake, na kila mmoja alijua magoti ya mwenzake yana hali gani. Na nyumba ilikuwa ya mianzi na nyasi. Wazee niliofanya nao kazi huko Tukuyu waliniambia mianzi ikichakaa mlijenga tena, na aliyekuwa ameshindwa kutembea alijengewa karibu na kwa mwanawe, mlango umeelekezwa kule anakotaka kutazama. Mimi hapo ndipo naona tofauti kubwa. Nyumba ya mianzi ilizeeka pamoja na mwenyewe. Ya tofali inaishi muda mrefu kuliko magoti yake.

Tofali za kuchoma zilikuja na misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wamisionari wa Berlin mwaka huo huo, wakaanzisha vituo, na vijana waliokwenda kusoma wakajifunza pia kufyatua na kuchoma. Kule Iringa, Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, pale Kalenga mwaka 1894, kisha wakaiacha Kalenga bondeni na kujenga mji wao juu, ilipo Iringa ya leo. Mji wenyewe ulipanda mlima kabla ya nyumba. Mbeya nayo ilianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu, ikajibanza chini ya mlima Loleza. Kwa hiyo miji yetu miwili yote ni ya miinuko, na ukijenga kwenye mwinuko lazima upande wa chini wa nyumba uuinue ili sakafu ikae sawa.

Sababu nyingine ya kuinua msingi ni maji. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tofali ya kuchoma ikilowa kila siku chini inaanza kumeguka, na mchwa nao hawapandi kirahisi ukuta wa mawe. Mtu anayenicheka leo kwamba natukana misingi mirefu, namwambia sitaki nyumba yake ioze. Ninachosema ni kwamba aliyeinua sakafu alipaswa kufikiria pia atakayeifikia.

Kisha yakaja mambo mawili makubwa katika historia ya nyumba za vijijini, na yote yalikuja karibu kwa pamoja. Mwaka 1973 redio ilianza kutangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, wakisoma vijitabu na kukubaliana la kufanya, na vyoo vilichimbwa kwa malaki. Novemba mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Kwetu tulihama 1974. Viwanja vilipimwa kwa mstari kando ya barabara: nyumba mbele, shamba katikati, choo nyuma kabisa.

Sitasema vyoo vile vilikuwa vibaya. Kipindupindu kilipofumuka nchini mwaka 1977, waliokuwa wamechimba walijua walichimba kwa nini. Lakini choo kilikuwa shimo na magogo mawili ya kukanyaga, na kilikaa mbali na nyumba kwa ajili ya harufu na nzi. Mtu asiyeweza kuchuchumaa hakuwa na mahali pake. Baba alimtengenezea bibi kigoda cha mninga, akakitoboa katikati, akafunga kamba ya katani kutoka nguzo ya nyumba hadi choo ili aishike akienda. Kamba ilimsaidia kiangazi. Masika njia ikawa utelezi, na bibi akarudia chungu chake, ndani ya nyumba mpya ambayo mabwana afya walikuwa wameisifu. Hakupenda. Alisema amerudishwa utoto.

Saruji ndiyo iliyomaliza kazi. Zamani ilitoka Wazo Hill, Dar es Salaam, na ukiipata ulipaka sakafu tu. Kiwanda cha Songwe kilipoanza kazi miaka ya 1980, mfuko wa saruji ukawa kitu cha mtu wa kawaida Mbeya, na barabara ya Zambia ikausambaza hadi Makambako na Iringa. Mawe tulikuwa nayo tangu mwanzo. Iringa ukichimba shimo la mti unakutana na jiwe. Mawe na saruji vikikutana, msingi unakwenda juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Ngazi za mlangoni zikawa tatu, zikawa tano. Nimeona Kihesa ya Iringa na nimeona Forest ya Mbeya ngazi zilizopakwa rangi nyekundu ya sakafu na kung'arishwa, ambazo mvua ya Aprili ikizigusa hata kijana anapita kwa adabu.

Nieleze kazi moja, kwa sababu humo mna karibu kila kitu. Mwalimu mstaafu wa Mbeya alipata kiharusi, akatoka hospitali na kiti mwendo. Mlango wake wa sebuleni ulikuwa juu ya ardhi sentimita 60. Kanuni ninayofuata ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele, la sivyo anayesukuma atashindwa kupandisha na wakati wa kushuka kiti kitamkimbia. Hapo nilihitaji mita 7 na ushee, na kutoka mlangoni hadi geti palikuwa na mita 4. Nikazunguka nyumba na kipimo. Kiwanja ni cha mteremko, kwa hiyo upande wa juu, kwenye mlango wa jikoni, tofauti ilikuwa sentimita 30 tu. Mita 3 na sentimita 60 zingetosha.

Nikamweleza. Akanitazama kwa jicho lile la darasani.

"Fundi, mimi niingie kwangu kwa kupitia jikoni?"

Nikanyamaza, maana ni mkubwa wangu. Mkewe, aliyekuwa anachambua maharage, akajibu bila kuinua kichwa:

"Mimi nimepita huko miaka arobaini, Mwalimu. Karibu."

Tukaujenga mserereko kwenye mlango wa jikoni. Saruji ilipoanza kukaza nilipitisha fagio la chelewa kwa upana, ikabaki na mistari inayoshika tairi wakati wa manyunyu, na pembeni nikainua ukingo wa tofali moja ili gurudumu lisichomoke. Mlango wa choo ulikuwa wa sentimita 70, na kiti chake sentimita 65. Kwenye karatasi kinapita. Kwa kweli vidole vya mtu vinasagwa. Nikaweka wa sentimita 90, na nikaugeuza ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka chooni mwili wake huuzuia mlango unaofungukia ndani. Bomba la kushikia sikulipigia misumari kwenye lipu. Tofali zetu za kuchoma ni laini, kwa hiyo nilipitisha bolti ndefu hadi upande wa pili wa ukuta na kuikaza juu ya kipande cha chuma. Bomba la namna hiyo hata ukininginia halitoki.

Sheria ipo. Bunge lilitunga mbili mwaka 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Sera ya taifa ikafuata mwaka 2004, Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Kwa sababu hiyo leo utakuta mserereko kwenye zahanati na benki, mwingine mkali kana kwamba umejengwa ili picha ipigwe tu. Nyumba ya mtu haina anayeiangalia. Katika vibali vya ujenzi nilivyowahi kuwafuatilia wateja, niliulizwa umbali kutoka barabarani, sikuulizwa upana wa mlango.

Iringa mjini watu walizoea mapema kidogo. Tangu mwaka 2003, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilipoanzisha Neema Crafts, viziwi na wenye ulemavu wa viungo wamekuwa wakifuma, wakishona na kutengeneza karatasi pale, na katika mkahawa wao wahudumu ni viziwi. Mteja anayewaona kila siku wakienda kazini hashangai fundi akimwambia aache nafasi ya kiti mlangoni.

Vijijini na mitaani, hata hivyo, ubishi ni ule ule: rampu inaharibu sura ya nyumba, rampu inatangaza kwamba ndani kuna mgonjwa. Waliokuja kunisaidia bila kujua ni vijana wa bodaboda. Kijana hawezi kuacha pikipiki nje usiku, na pikipiki haipandi ngazi tano. Anakuja ananiambia, "Mzee, niwekee kamserereko hapo niingize chombo." Anataka kafupi, kakali, ka bei nafuu. Ninamuuliza mama yake ana umri gani, kisha napima upya, na gharama ya urefu unaozidi tunagawana.