Profesa Ramachandran na Wenzake wa Madras

Wahenga walinena: ngozi ivute ili maji. Methali hii yafaa kumkumbukia marehemu Profesa G. N. Ramachandran wa India, bingwa wa baiofizikia, yaani fizikia ya viumbe hai, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2001.

India ilijipatia uhuru mwaka 1947. Miaka mitano baadaye, Chuo Kikuu cha Madras kilimkabidhi Ramachandran idara mpya ya fizikia, naye alikuwa hajatimiza umri wa miaka thelathini. Badala ya kuokota makombo ya utafiti wa Ulaya, alichagua swali lililowashinda mabingwa wa huko: kolajeni, protini inayozipa ngozi na kano nguvu zake, imeumbwaje?

Mjini mumo humo palikuwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa ngozi, na huko ndiko alikopata kano ya mkia wa kangaruu. Yeye na mwenziwe, Gopinath Kartha, waliichunguza kwa eksirei. Mwaka 1954 walitangaza kwamba kolajeni ni nyuzi tatu zilizoshikamana. Mwaka uliofuata wakaonyesha kuwa nyuzi hizo zimesokotwa mithili ya kamba.

Mwaka huo wa 1955, Francis Crick na Alexander Rich, waliokuwa Cambridge, waliziafiki nyuzi tatu, lakini walidai kuwa katika umbo la Madras atomi zimesongamana kupita kiasi. Ramachandran hakuishia kwenye ubishi. Alijiuliza: je, atomi zaweza kukaribiana kadiri gani? Pamoja na wenzake Ramakrishnan na Sasisekharan alikusanya vipimo na kupiga hesabu, na mwaka 1963 wakatoa mchoro unaobainisha mikunjo iwezekanayo katika uzi wa protini na ile isiyowezekana. Hivyo lawama ikazaa chombo. Hata leo, mtaalamu yeyote achoraye umbo la protini hulipima kwa mchoro huo.

Mchoro huo huitwa kwa jina la Ramachandran peke yake, ilhali waliouchora ni watatu. Na Kartha, aliyeshiriki kuifumbua kolajeni, hutajwa kwa nadra. Hatuna budi kulisahihisha hilo kila tumkumbukapo profesa huyu. Maana elimu ya taifa changa, kama kolajeni yenyewe, haipati nguvu kwa uzi mmoja, bali kwa nyuzi zilizosokotwa pamoja.