Kipofu wa Duccio: Simulizi Iliyokatwa kwa Msumeno
Maestà ya Duccio di Buoninsegna, iliyoagizwa mnamo 1308, ilipelekwa kwa maandamano hadi madhabahuni pa kanisa kuu la Siena tarehe 9 Juni 1311. Mnamo 1771 ilikatwa kwa msumeno, na baadaye vipande vyake vikatawanyika. Katika kimojawapo, kipofu anajitokeza mara mbili: kwanza Kristo akimgusa jicho, kisha, fimbo ameiacha, akiinua uso. Anatazama nini? Mhakiki anayekisoma kipande hiki peke yake atajibu upesi mno kwamba anatazama mbingu. Lakini katika mpangilio wa awali, kama wataalamu wanavyouunda upya, ubao uliofuata ulikuwa ule wa Kugeuka Sura. Macho yaliyofumbuka yalimlaki Kristo yule yule, safari hii katika utukufu wake. Mbao hizo mbili zimo London.