Kipofu Aliyemvuta Mwenye Macho

Wiki hii siasa tuziweke pembeni kidogo. Nina deni la kulipa.

Mwaka jana, pale kituo cha daladala Posta, nilimwona mzee mmoja asiyeona, fimbo nyeupe mkononi, anataka kuvuka barabara. Kwa uungwana wangu nikamdaka mkono nikaanza kumvuta. Akagoma. "Mwanangu, usinivute. Nipe kiwiko, nikushike mimi." Tukavuka, akashukuru, akaenda zake.

Nilirudi ofisini na aibu. Siku chache kabla nilikuwa nimeandika habari fupi ya Henry Wanyoike, mwanariadha wa Kenya, nikamwita kipofu aliyesaidiwa kufika mbali. Baada ya yule mzee nikaisoma tena habari yangu. Nilikuwa nimeandika uongo bila kukosea hata tarehe moja.

Wanyoike alizaliwa mwaka 1974 huko Kikuyu, si mbali na Nairobi. Alipenda kukimbia tangu shuleni. Mei 1995 akapata kiharusi: usiku alilala anaona, asubuhi akaamka karibu haoni kabisa. Kijana wa miaka ishirini hivi, na ndoto yake ni miguu! Baada ya kipindi cha kukata tamaa, watu wa kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu wakamtia moyo aanze upya. Akaenda Machakos kwenye chuo cha wasioona, akajifunza kufuma masweta. Baadaye akarudi kwenye mbio.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mkimbiaji asiyeona kabisa hukimbia na mwongozaji anayeona, wameunganishwa na kamba fupi mkononi. Mwongozaji anamwambia kona imefika, kuna mtu mbele, mzunguko wa mwisho huu. Lakini kwa sheria za mchezo, haruhusiwi kumvuta. Kamba haiachiwi kabla ya mwisho, na mkimbiaji ndiye lazima atangulie kuvuka mstari. Kwa hiyo miguu, mapafu na moyo vyote ni vyake mwenyewe.

Twende Sydney, Paralimpiki ya mwaka 2000, mita 5,000. Hiyo ni mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja. Wanyoike alikuwa anaongoza. Tatizo likatokea upande ambao hakuna aliyeutarajia: mwongozaji wake alikuwa ametoka kuugua malaria, na nguvu zikamwishia njiani. Mwenye macho akawa anayumba, asiyeona bado ana mbio.

Angefanyaje? Kumwachia hawezi, atatolewa mashindanoni. Kusimama hawezi, dhahabu itapita. Basi kipofu akamvuta mwenye macho, akamkokota mpaka mwisho, akashinda. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, nikaiita hadithi ya kusaidiwa!

Tusimlaumu yule mwongozaji. Jiulize, nani yuko tayari kukimbia kasi ya bingwa huku akitazama kwa niaba ya watu wawili na kuzungumza njia nzima? Maana mwongozaji akiwa na kasi sawasawa na ya bingwa, haitoshi. Anatakiwa awe na ziada. Kadiri Wanyoike alivyozidi kuwa bora, ndivyo watu wa kumwongoza walivyozidi kuwa adimu.

Aliyemfaa alimpata kwa rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja. Athens 2004 walichukua dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000, zote kwa rekodi ya dunia. Ile ya mita 5,000 ilikuwa dakika 15 na sekunde 11. Piga hesabu: kila mzunguko wa mita 400 ni kama sekunde 73, mara kumi na mbili na nusu. Wewe mwenye macho yako mawili, nenda uwanjani kesho ujaribu mzunguko mmoja tu.

Hawakuishia hapo. Aprili 2005 walikimbia marathoni ya London, na wiki moja tu baadaye wakakimbia ya Hamburg kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Beijing 2008 Wanyoike akaongeza shaba ya mita 5,000. Njia ikabaki wazi kwa wengine: London 2012, Mkenya mwingine asiyeona, Samwel Mushai Kimani, alishinda mita 1,500 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 58, akiwa na mwongozaji wake James Boit. Majina mawili, kamba moja.

Sisemi Wanyoike hakusaidiwa. Alisaidiwa na wengi: wa hospitali, wa chuo, rafiki yake. Lakini kuna msaada wa kumvuta mtu unakotaka wewe, na kuna msaada wa kumpa kiwiko aende anakotaka yeye. Magazetini tumezoea kuandika ule wa kwanza, kwa sababu unatufanya sisi tuonekane wema.

Ile habari yangu ilishachapwa, siwezi kuifuta. Ningeiandika leo ningeanzia Sydney, mzunguko wa mwisho, nikataja nani alikuwa anamvuta nani. Na yule mzee wa Posta, kama kuna anayemfahamu, amfikishie salamu zangu. Somo limeingia.