Baiskeli ya Wadjda na Dereva wa Mama Yake

Ukitazama tu yanayoonekana katika Wadjda, filamu ya Haifaa al-Mansour ya mwaka 2012, hutajua uzito wake. Lazima uanzie kwenye nchi ilimotengenezwa. Saudi Arabia ilifunga majumba ya sinema mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya watu wenye silaha kuuteka Msikiti Mkuu wa Makka mwaka 1979 na watawala kuwaachia mashekhe wenye msimamo mkali mambo mengi ya jamii. Hata Keif al-Hal?, filamu ya Kisaudi ya mwaka 2006, ilipigwa Dubai. Al-Mansour aliipiga yake Riyadh, na kwa kuwa mwanamke kuwaamuru wanaume hadharani kungezua balaa, sehemu za mtaani aliziongoza akiwa amejificha ndani ya gari, akiwasiliana na mafundi wake kwa redio ya mkononi.

Wadjda, binti ambaye filamu imepewa jina lake, anataka baiskeli ya kijani inayouzwa riyali 800. Shuleni kunatangazwa mashindano ya Kurani yenye zawadi ya riyali 1,000, naye anajiunga kwa ajili ya hizo pesa. Hapo ndipo filamu inaponishawishi zaidi. Mwongozaji mvivu angeifanya Kurani kuwa ukuta anaogonga binti mpenda uhuru. Al-Mansour anamwonyesha binti huyo akihangaika na hukumu za tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, mama akimsaidia nyumbani kulainisha sauti, mpaka kisomo kinamkaa kifuani na anashinda. Dini ya mama si ile ya mwalimu mkuu wa shule, na ya mtoto si ya mama, ingawa wote watatu ni Waislamu wa mji mmoja. Kisha mtoto anasema mbele ya watu kwamba atanunua baiskeli, na mwalimu mkuu anaamua pesa hizo zipelekwe Palestina.

Wapo wanaoipinga filamu hii wakisema ilitengenezwa kwa fedha za Wajerumani ili iwapendeze watazamaji wa matamasha ya Ulaya. Fedha hizo ni kweli zilikuwepo. Lakini mti wa ukoo ukutani, wenye majina ya wanaume watupu, ambao Wadjda anaubandikia karatasi yenye jina lake, ni jambo la ndani ya nyumba za Kisaudi, na baba anayeshinikizwa kuoa mke wa pili kwa kukosa mtoto wa kiume hakubuniwa Berlin.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine, nami nalikubali. Mama wa Wadjda hana ruhusa ya kuendesha gari, kwa hiyo anamtegemea Iqbal, dereva mhamiaji kutoka Asia Kusini. Mama na Iqbal wanapokosana, Wadjda na rafiki yake Abdullah wanamfuata anakoishi, na Abdullah anamtishia kwamba atarudishwa kwao. Tishio linafanya kazi, na filamu inalichukulia kama ujanja wa watoto. Linafanya kazi kwa sababu ya kafala, utaratibu unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, ambao familia za Mombasa na Kampala zenye ndugu Ghuba zinaujua vizuri. Filamu iliyotambua kwa makini hivyo nani amefutwa kwenye mti wa ukoo ilikuwa na uwezo wa kumtazama Iqbal pia kwa jicho hilohilo. Marufuku ya wanawake kuendesha magari iliondolewa Juni 2018, miezi michache baada ya sinema kufunguliwa tena, lakini kafala ilibaki.