Mvumo wa redio ya daladala: historia iliyojificha chini ya dashibodi

Naona presha ya test imewafanya wengi wenu mpotee. Juzi hapa Malimbe jamaa mmoja alishikilia kwamba historia ni mambo ya wafalme, wakoloni na vyama tu. Nikamwambia bwana, hata mvumo wa redio ya Hiace ya Igoma - Kisesa una historia yake, tena ndefu. Akacheka. Basi leo namjibu kwa maandishi.

Mvumo naousema mnaujua. Dereva akiwasha gari spika zinaanza kulia wiiii, akikanyaga mafuta sauti inapanda, akiachia inashuka. Wengi tunasema "redio mbovu". Mimi nasema redio inaonewa. Tangu iingie kwenye gari, kelele zake karibu zote zimetoka kwa majirani zake.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1930 kule Chicago kampuni ya Paul Galvin ilianza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola. Shida kubwa ilikuwa plagi. Kila plagi ikipiga cheche, redio inaisikia kama inavyosikia radi, spika zinapasuka ta-ta-ta. Ikabidi waweke vizuizi kwenye nyaya za plagi na kapasita kwenye dainamo. Halafu zile redio zilitumia valvu zinazotaka umeme wa volti nyingi sana kuliko wa betri ya gari, kwa hiyo kikafungwa kifaa cha kuupandisha, nacho kikaleta mvumo wake. Yaani unatibu kelele moja unaleta nyingine.

Huku kwetu sauti ya kwanza ya umeme juu ya magurudumu watu wengi waliisikia kwenye magari ya sinema. Mwaka 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za elimu wenye makao Vugiri, kule Usambara. Lori lao lilizunguka Tanganyika na nchi jirani likiwa na mitambo ya sinema na vipaza sauti, na sauti ya filamu ilikuwa kwenye sahani za santuri. Redio yenyewe ikafuata: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Sasa sikilizeni hapa. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo, Land Rover ikiwemo, yalifungwa chanya kwenye bodi mpaka miaka ya 1960, yaani kinyume na magari ya leo ambayo bodi ni hasi. Redio za transista zilipokuja, ukikosea kuunganisha unaiua palepale, haina msamaha. Kwa hiyo fundi wa zamani kabla ya kugusa waya aliuliza kwanza: bodi ya gari hii ni nini? Swali hilo mafundi wazee bado wanalo mdomoni, vijana wanadhani ni ushamba.

Miaka ya 1960 pia alteneta ikaanza kuchukua nafasi ya dainamo. Alteneta inatengeneza umeme wa kwenda na kurudi, halafu daiodi zinaunyoosha. Haunyooki kabisa, yanabaki mawimbi madogo, na yanafuata mzunguko wa injini. Ndiyo maana ile wiiii inapanda na mafuta. Mnaona? Ta-ta-ta ni plagi, wiiii ni alteneta. Sikio la fundi linasoma ukoo wa kelele.

Halafu siasa ikaingia. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam, na jina daladala likatokana na nauli ya shilingi tano, iliyokuwa ikiitwa dala. Baada ya Mzee Mwinyi kuingia mwaka 1985 milango ya biashara ikafunguka, na magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi. Yakaja na mafumbo mawili.

Fumbo la kwanza, FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa 76 mpaka 90, ya kwetu ni 87.5 mpaka 108. Redio nzima kabisa, lakini vituo vingi haivipati! Na ndiyo kwanza Radio One (1994) na Radio Free Africa ya hapa Mwanza zilikuwa zinakuja juu. Ikabidi kifungwe kiboksi kwenye waya wa antena cha kushusha mawimbi, ukisikiliza 100 redio inaonyesha namba nyingine kabisa. Kiboksi hicho nacho kinataka umeme na hasi yake, kwa hiyo ni mlango mwingine wa kelele. Fumbo la pili, Hiace ni volti 12 lakini Coaster nyingi ni 24. Redio ya Hiace ukiipachika kwenye Coaster bila kifaa cha kushusha umeme, imekwisha.

Sasa kwa nini niseme haya kana kwamba ni jambo kubwa? Kwa sababu kwa kondakta na dereva muziki ni kazi. Sisi watu wa Kisesa tunalijua hili kuliko wengine. Bulabo pale Bujora, Bagika na Bagalu wanashindana nani atavuta watu wengi, na ngoma isiyosikika haivuti mtu. Stendi nayo ni hivyohivyo.

Kaka yangu anaendesha Hiace. Kwa ajili ya mvumo alinunua redio mpya mara mbili, pesa ambayo ingelipa hesabu ya tajiri kwa siku kadhaa. Mvumo ukabaki palepale. Mke wake akaanza kuuliza pesa inakwenda wapi, nyumbani hakukaliki. Mwisho akaenda kwa mzee mmoja fundi hapo Kisesa, nami nikiwepo likizo. Mzee hakugusa redio. Alisikiliza, akazima injini, mvumo ukakata. Akawasha, ukarudi. Akachomoa kwenye amplifaya zile nyaya za kuingizia sauti, kimya. Akasema amplifaya yenyewe ni nzima, kelele inapita kwenye nyaya hizi. Injini ikiwa inanguruma akapima kati ya hasi ya amplifaya na hasi ya betri. Palitakiwa pawe karibu na sifuri, pakawa karibu nusu volti. Waya ulikuwa umefungwa kwenye bolti yenye rangi, nyuma kabisa ya gari, wakati hasi ya redio iko mbele. Hasi mbili zisizolingana, umeme unatafuta njia ya kupita kwenye waya wa sauti. Akakwangua rangi kwa msasa, akaweka waya mnene na mfupi. Kwisha habari!

Hapohapo akaona fyuzi imezungushiwa karatasi ya sigara. Hapo alikuja juu kweli. "Fyuzi hailindi redio, inalinda waya. Waya ukipata shoti unaungua na gari, na abiria wako ndani." Akaweka fyuzi mpya karibu na betri kabisa, ili shoti ikitokea popote mbele yake umeme ukatike.

Siku hizi watu wanatumia bluetooth, na chaja za bei poa za simu zinaleta kelele mpya kwenye FM. Ukiichomoa kelele inaondoka. Ni hadithi ileile ya 1930, jirani mwingine tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule jamaa ni hili. Kila kelele ni alama ya kipindi chake: cheche, alteneta, mtumba wa Japani, chaja. Na wanaoijua historia hiyo kwa masikio hawajaiandika popote. Ninyi wa idara ya historia mnaotafuta mada ya dissertation, nendeni na daftari gereji mkakae na wazee hawa wakiwa bado wapo.

Naishia hapa, kesho nina test saa mbili asubuhi. Wikiendi njema wadau!